Siku moja maishani mwangu: steshenari asubuhi, pindi (masomo ya ziada) jioni, Nkuhungu Dodoma

Saa 10 na nusu alfajiri

Maji mtaani kwetu ni ya mgao na yakija hayabishi hodi, ukilala imekula kwako. Nimeamka na sweta juu ya kanga, mwezi wa nane huu upepo wa Dodoma mnaujua wenyewe, unapita hadi kwenye mifupa. Madumu matano, ndoo mbili, beseni. Wakati najaza naona watoto wa jirani nao wamepanga foleni bombani na madumu yao, mmoja ni wa form tatu, mwanafunzi wangu wa jioni. "Shikamoo madam." Marahaba, mbona mapema hivi, anacheka tu, kwake hii siyo mapema.

Saa 1 na nusu asubuhi

Nimefungua. Kwa ambao hamnifahamu, nimesomea ualimu wa fizikia na hesabu hapo UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, nikamaliza, ajira nasubiri kama wenzangu wote tunaosubiri, sasa katikati ya kusubiri mtu anakula, ndo maana nina hiki kibanda cha steshenari na mashine ya fotokopi ambayo kwa tabia zake naamini ina umri mkubwa kuliko baadhi ya wateja. Wanafunzi wa dei wanapita mbio wananitupia madesa, yaani notsi zao, "madam nitolee kopi nitapitia jioni", kopi moja shilingi 100, na leo mashine imetafuna karatasi kumi na mbili kabla haijachangamka. Sizitupi. Nina boksi chini ya meza nazihifadhi humo, upande wa nyuma ni mweupe kabisa.

Saa 4 asubuhi

Darasa la QT, yaani mtihani wa maarifa. Wako wanne tu, wanakuja kwa kujiibia kazini. Kwa wasiojua, ukiwa hukupita form two na unataka kukaa mtihani wa form foo kama mtahiniwa wa kujitegemea, lazima kwanza ufaulu QT. Mmoja ni dereva bodaboda, anasoma helmeti ikiwa magotini ili simu ikiita atoke. Mwingine ni mama mdogo aliyeacha shule akiwa na mimba. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wa namna yake kurudi darasani, na yeye alilifikiria, ila anasema mtoto anaumwa umwa na yunifomu haimwingii akilini tena, bora huku anakuja na dera lake mtoto mgongoni. Nami sibishani naye, tumefanya hesabu za sehemu za kumi mpaka mtoto alipoanza kulia, basi darasa likaishia hapo.

Saa 8 mchana ugali na mlenda, usingizi wa dakika kumi kwenye kiti, hakuna cha kusimulia.

Saa 10 jioni

Hapa ndo siku yangu inapoanza hasa. Wanafika na yunifomu zao, viatu vimekuwa rangi ya udongo, tunakaa uani chini ya mwarobaini, ubao nimeuegemeza ukutani. Leo ni kumi na saba, form tatu na form foo. Form foo mtihani wao ni Novemba kwahiyo wana ile sura ya mtu anayedaiwa.

Wiki iliyopita niliwaambia kila mtu aje na ratiba yake ya kusoma. Jamani walikuja na ratiba, rula, kalamu za rangi tatu, saa 9 usiku hadi saa 11 hesabu, saa 11 kamili baiolojia, mwingine kaandika na "kutafakari" nusu saa. Nikauliza nani ameifuata hata siku mbili, kimya, mwarobaini tu unaongea. Ndo nikawaambia leo hakuna kupanga kesho, chukueni karatasi, andikeni JANA, kuanzia mlipofumbua macho mpaka mlipofumba, na msiandike uongo maana simpelekei mzazi.

Kijana mmoja tunayemwita injinia kaandika saa 12 jioni mpaka saa 4 usiku "napumzika". Wenzake wakamrukia, unapumzika nini masaa manne wewe, umebeba zege? Kakubali mwenyewe ni simu ya kaka yake, anaingia kuangalia kitu kimoja akitoka saa 4. Huyo nilimwambia arudishe simu saa 1 usiku apige msuli, asome, hana kisingizio, na anajua.

Ila karatasi ya yule binti wa bombani nimekaa nayo muda. Mwandiko mdogo, hakupiga hata mstari. Saa 10 na nusu maji. Kufagia, uji wa mdogo wake, saa 12 na robo kutoka, anatembea zaidi ya saa nzima mpaka shule. Shule mpaka saa 9, kwangu saa 10, saa 12 kwenye genge la mama yake mpaka saa 3, vyombo, kufua soksi. Halafu chini kabisa: "saa 4 mpaka saa 4 na nusu kusoma (nilisinzia)".

Sasa huyu unamwambia nini? Apange muda wake? Kila siku mtoto anahubiriwa panga muda panga muda, na wanaohubiri ukiwaangalia wengi wao kwao kuna mtu mwingine wa kuchota maji. Nikamuuliza genge linachangamka saa ngapi. Akasema watu wakitoka kazini, saa 12 na nusu mpaka saa 1 na nusu, ikifika saa 2 ni mmoja mmoja. Taa ipo? Ipo ya sola. Basi nikaleta lile boksi la karatasi zilizotafunwa, tukazikata ndogo ndogo, tukazikunja kama kadi upande mweupe ukiwa nje, mbele swali nyuma jibu, kadi kumi tu kwa siku, anaweka pembeni ya mizani. Injinia naye akataka za kwake, nikamnyima kwanza.

Wakanigeukia eti na madam aandike jana yake. Nikaandika. Saa 3 usiku mpaka saa 4 na nusu "natafuta ajira kwenye simu". Wakasoma wakatazamana, injinia akauliza kwa heshima zote kama dakika zote tisini zilikuwa za ajira. Sikumjibu.

Pindi lenyewe lilikuwa maji kwenye mtungi kwanini yanapoa. Wote wanaimba "evaporesheni inaleta kuling" vizuri sana, ukiuliza maana yake wanaangalia viatu. Siwalaumu, miaka saba ya msingi mtu kasoma kwa Kiswahili, form one kila kitu kinageuka Kiingereza, anachoweza ni kukremu. Nikawatoa kwenye ukuta tukasimama kwenye upepo, kila mtu akalowesha mkono mmoja kwa maji ya chupa, mwingine mkavu. Upi una baridi? Uliolowa! Maji yanaporuka kuwa mvuke yanaondoka na joto la nani? Kimya, halafu binti wa genge taratibu, "la mkono wetu madam". Hapo ndo nikawarudisha kwenye Kiingereza, maana mtihanini hakuna atakayewapulizia upepo.

Saa 2 usiku nimefunga hesabu, elfu tano na mia nne, ukitoa rimu hapo sijui inabaki nini.

Saa 4 kasoro usiku

Meseji, namba siijui. "Madam samahani kwa usumbufu natumia simu ya mama. Kadi nimemaliza saba. Mchicha huwa tunafunika na gunia la kuloweka, ni ile ile ya mtungi?"

Nikamjibu ndiyo, ile ile, lala sasa.

Ikaingia nyingine. "Mama anauliza kama ni hivyo basi tulisogeze genge upande wenye upepo?"

Hiyo nimeifikiria mpaka sa hivi, maana upepo huo huo ndo unakausha gunia.