Maji ya Waliokaa Chini

Wapendwa katika Bwana, amani iwe kwenu. Neno la juma hili ni Ezekieli 34:17-19.

Jumanne, mvua ilipoanza kupiga mabati, jirani aliniita kutoka ng'ambo ya mfereji: "Mama, leta takataka haraka, maji yatabeba!" Nikatoka mbio na ndoo yangu: maganda ya ndizi, mifuko, chupa tatu za plastiki. Sisi wa Bukavu tunaijua hiyo. Mvua ndiyo gari letu la taka. Mfereji unapelekea mto Kawa, Kawa inapelekea ziwa Kivu, na ziwa lina mlango mmoja tu wa kutokea: mto Ruzizi.

Maganda nilikuwa nimeshayamwaga. Chupa zikabaki mkononi. Maji yatabeba, sawa. Yampelekee nani?

Katika Ezekieli Mungu hasemi na mbwa mwitu. Anasema na kondoo wake mwenyewe. Amewaona wakinywa maji matulivu, kisha wakayavuruga yaliyobaki kwa miguu, na wenzao wakanywa matope hayo. Kunywa hakuwakataza. Ugomvi wake ni juu ya miguu.

Na hapa tunaotangulia kunywa ni sisi. Ruzizi inaondoka Bukavu kwenye kimo cha mita 1,460 hivi, inaporomoka makorongoni mpaka Kamanyola, inatulia uwandani kwa watu wa Luvungi na Sange, halafu inaingia ziwa Tanganyika, karibu mita 700 chini yetu. Kabla ya kuingia inagawanyika, Ruzizi Kubwa na Ruzizi Ndogo, na kutua hapo udongo iliobeba njia nzima. Ndiyo delta. Upande wa Burundi ni hifadhi, na tangu 2002 imo katika orodha ya Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhi oevu. Kuna matete, viboko, ndege waliokimbia baridi ya Ulaya, samaki wanaotaga kwenye maji ya kina kifupi. Mamba pia. Jina la Gustave, yule mamba mkubwa, mnalijua, nisiwatishe watoto.

Sambaza, samaki wadogo tunaokaanga hapa, asili yao ni Tanganyika. Waliletwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950. Ziwa la wenzetu limetulisha hivyo, nasi tunalirudishia chupa. Tena hazifiki zote. Nyingi zinanasa kwenye bwawa la Ruzizi I, kilomita chache tu kutoka ziwani, zinaziba njia ya maji, kuran (umeme) inakatika, kisha tunapiga magoti gizani kumwomba Mungu arudishe taa. (Mimi niliomba hivyo mwezi uliopita, na kwa machozi.)

Bwana, tazama miguu yetu. Utuhurumie sisi tuliotangulia kisimani.

Zile chupa tatu bado ziko nyuma ya mlango. Jirani ameniuliza nazitunzia nini. Nimemwambia Jumamosi asubuhi, kabla mawingu hayajashuka, aje na jembe na gunia tuanzie kwenye mfereji wake.