Gemu Imeuza, Sisi Tumepigwa Chini

Januari 2024, tuliitwa kwenye kikao cha video hata chai ya saa nne haijaletwa. Ofisi yetu ilikuwa Mikocheni, Dar es Salaam, na kazi yetu ilikuwa kuchora vitu vidogo vidogo vya gemu ya studio moja ya nje: milango, mapipa, masufuria, kuta zilizoota ukungu. Mimi nilikuwa fundi wa kutu. Niliipiga picha paa ya kibanda cha mama ntilie jirani, nikakuza pale kutu inapoanzia kwenye msumari na kushuka na mikunjo ya bati, nikaichora hivyo hivyo. Mama mwenyewe alidhani natoka manispaa, nataka kumbomolea.

Gemu ilitoka Oktoba, ikauza vizuri. Kwa hiyo msimamizi wa huko alipoanza na "asanteni kwa kazi nzuri", mwenzangu alininong'oneza: "Kaka, bonasi hiyo."

Kumbe mkataba hauongezwi.

Watu hudhani gemu ikidoda ndipo wafanyakazi wanatimuliwa. Wapi! Wachoraji tunatafutwa kwa wingi kabla haijatoka. Ikishatoka wanabaki wa kurekebisha hitilafu na wachache wanaowaza gemu ijayo, ambayo bado haina hata ukuta wa kupaka kutu. Januari hiyo hiyo Microsoft nayo ilitangaza kupunguza watu 1,900 kwenye kitengo chake cha gemu, miezi mitatu tu baada ya kuinunua kampuni ya gemu ya Activision Blizzard kwa karibu dola bilioni 69. Hela ya kununua ipo, ya mishahara hakuna.

Nilikwenda kwa mjomba Temeke, anayezijua sheria za kazi. Nilishasikia kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa aliyepunguzwa kiinua mgongo, mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka aliofanya kazi. Mjomba akavaa miwani, akausoma mkataba wangu mpaka mwisho.

"Anko, hapa hujapunguzwa. Muda wa mkataba umeisha. Hakuna kitu."

Shangazi akadakia kutoka jikoni: "Si ulisema gemu yenu imeuza?"

"Imeuza, shangazi."

"Sasa?"

Wiki iliyofuata nilikuwa Kariakoo natengeneza kadi za michango ya harusi. Mteja wangu wa kwanza alitaka bibi harusi ang'arishwe uso, na alilipa nusu kabla sijawasha kompyuta.