Mgao wa kustaafu ukipinda, usikimbilie kuuza

Mtu wa miaka 50 anayetarajia kustaafu kwa lazima akiwa na 60 anaweza kuwa na hisa DSE (Soko la Hisa la Dar es Salaam), vipande vya mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS, hatifungani za serikali (unaikopesha serikali, nayo inakulipa riba hadi siku ya kuiva) na michango ya pensheni NSSF au PSSSF, lakini hajawahi kuviweka vyote kwenye karatasi moja. Anza hapo. Andika namba ya CDS (akaunti inayotunza hisa zako), namba ya akaunti ya vipande, thamani ya leo na tarehe ya kuiva ya kila hatifungani. Kagua na majina: Mohamed huku na Mohammed kule hukwamisha malipo, na warithi ndio watakaohangaika zaidi.

Pensheni ya mwezi iweke pembeni, kwa kuwa huwezi kuiuza. Vipande navyo vitazame kwa makini. Mfuko wa Umoja wa UTT AMIS una hisa na hatifungani ndani yake, kwa hiyo gawanya thamani yake kufuatana na ripoti ya mfuko. Mwenye Umoja na hisa za benki mkononi huwa na hisa nyingi kuliko anavyodhani.

Tuseme una milioni 40 na umeamua mgao wake uwe hatifungani asilimia 60, hisa 25, na mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS 15 kwa ajili ya dharura. Yaani milioni 24, 10 na 6. Hisa zikipanda hadi milioni 16, jumla inakuwa 46 na hisa zimefika karibu asilimia 35. Kipimo ninachokiamini ni pointi tano za asilimia: mgao ukipishana na lengo kwa zaidi ya hapo, rekebisha; chini ya hapo, tulia. Hapa lengo la hisa ni milioni 11.5, kwa hiyo zimezidi 4.5: milioni 3.6 ziende hatifungani na laki tisa Ukwasi.

Ila kabla ya kuuza, tumia pesa mpya. Hatifungani za milioni 24 kwa riba ya asilimia 12 hulipa milioni 1.44 kila miezi sita. Ongeza akiba ya laki tatu kwa mwezi, na ndani ya mwaka una milioni 6.48. Zote zikienda kwenye hatifungani na Ukwasi, na bei za hisa zisiposogea, hisa zinashuka hadi asilimia 30.5 bila kulipa kamisheni ya dalali. Ziada ya hisa iliyobaki uza kidogo kidogo, maana kampuni nyingi za DSE hazina wanunuzi kila siku, na mwenye haraka hulazimika kushusha bei.

Wengi huumia kwenye muda wa hatifungani. Ya miaka 25 ukiinunua una 50, mtaji wake unarudi ukiwa na 75. Kama unaishi kwa riba, sawa kabisa. Kama mtaji huo ni wa kumalizia nyumba, itabidi uuze soko la upili, yaani kwa mwekezaji mwingine kabla haijaiva, kwa bei utakayoikuta. Riba ya soko ikipanda kutoka asilimia 12 hadi 14, bei ya hatifungani ya riba 12 iliyobakiza miaka 20 inashuka kutoka 100 hadi takriban 86.7, iliyobakiza miaka miwili inashuka hadi 96.6 tu. Kwa hiyo pesa ya nyumba inunulie inayoiva kabla ya ujenzi.

Ukinunua hatifungani tatu tofauti, linganisha pia miezi ya malipo: Januari na Julai, Machi na Septemba, Mei na Novemba. Hapo riba inaingia kila baada ya miezi miwili.