Nilivyoacha kuilaumu seramu nikaishuku chupa

"Seli zikikua bila homoni, badilisha seramu," yaani majimaji ya damu yanayotiwa kwenye chakula cha seli. Ushauri huo ulinilia miezi na fedha nyingi, na haukuwa na msingi.

Kupima estrojeni, homoni ya kike, natumia seli za MCF-7, za saratani ya matiti. Zikiipata huzaliana, zikiikosa hutulia. Siku ya 6 unazihesabu. Nanogramu 8 hivi za estradioli, aina ya estrojeni, katika lita moja zinatosha kuzifikisha kilele cha kuzaliana. Vishimo vyangu vya kukuzia seli visivyo na homoni vilikuwa vinajaa seli kama vyenye homoni.

Rangi ya fenoli nyekundu, inayotiwa kwenye kimiminika cha kulishia seli, nilishaiondoa. Tangu 1986 inajulikana kwamba huzichochea seli hizi. Nikaigeukia seramu, niiondolee homoni zake: mkaa asilimia 5, dekstrani (aina ya wanga) asilimia 0.5, saa nzima kwenye nyuzi 37, kuzungusha, kuchuja. Nikarudia mara ya pili, na ya tatu. Mkaa hauchagui, unabeba hata virutubisho, kwa hiyo niliifukarisha seramu bure. Vishimo vikaendelea kujaa.

Jibu lilikuwapo zamani. Ana Soto na Carlos Sonnenschein wa Chuo Kikuu cha Tufts, Boston, walipatwa na hilihili, wakagundua nonilifenoli, kemikali inayofanya kazi kama estrojeni, inayotoka kwenye tyubu za plastiki; walichapisha 1991. Mwaka 1993 watafiti wa Stanford, waliodhani hamira ndiyo inayotengeneza estrojeni, walionyesha kwamba ni bisfenoli A iliyotoka kwenye chupa za polikaboneti, plastiki ngumu, ndani ya otoklevu, mashine ya kutakasa vyombo kwa mvuke. Kumbe mtafiti Dodds wa London alishaonyesha 1936 kwamba kemikali hiyo hufanya kazi kama estrojeni!

Basi nikavihoji vyombo kimoja kimoja. Kila chombo, pamoja na cha kioo cha kulinganishia, nilikitia kimiminika cha kulishia seli kisicho na homoni, saa 24, nyuzi 37, kisha nikakimimina kwenye safu mbili za seli. Safu moja niliongeza fulvestranti, inayoziba kipokezi cha estrojeni. Isiyo na fulvestranti ikikua na yenye nayo ikatulia, umeshamkamata mwizi. Wangu alikuwa chupa kuukuu ya polikaboneti ya maji, iliyokwaruzika na kupita otoklevu mara nyingi.

Sasa maji yanakaa kwenye kioo kilichookwa nyuzi 450 kwa saa 4, na kifuniko kina bitana ya tefloni. Pipeti na chupa za kupimia ujazo usizioke, vipimo vyake vitapotoka. Zisuuze kwa methanoli safi.