Sanduku la Guku, Kaimosi

Nilitoka Nakuru saa kumi na mbili asubuhi na sindano mbili za kroshia, uzi mweupe wa pamba na daftari la hesabu lenye miraba. Nilikuwa naenda kutazama vitambaa. Vimo katika sanduku la bati la nyanyake mwenzangu, karibu na Kaimosi, na mwenzangu huyo amenisimulia habari zake tangu tulipoanza kufuma pamoja kibandani.

Njia mnaijua: ukungu wa Mau Summit, majani chai ya Kericho, kisha joto la Ahero na mpunga wake. Kisumu nikabadilisha gari, Chavakali nikapanda boda.

"Mirembe, Guku," nilisema mlangoni. Ndicho Kimaragoli pekee nilichofundishwa: salamu, na neno la kumwita nyanya. Akanishika mikono, akaigeuza, akapapasa kidole cha shahada mahali sindano inapokaa. Alipoiona sugu akaagiza sanduku liletwe, na maji ya kunawa.

Kwanza ilitoka harufu ya dawa ya nondo, halafu vitambaa vyenyewe, kimoja kimoja: vya makochi, vya meza, cha kufunikia redio, vya mitungi ya maziwa vilivyoning'inizwa shanga pembeni ili upepo usivipeperushe. Kimoja kimedariziwa "Karibu Mgeni" kwa uzi mwekundu. Guku alikipindua kabla sijakisifu. Nyuma palikuwa safi kama mbele, hakuna fundo wala uzi uliorukishwa. Nilinyamaza, maana najua nyuma ya kazi zangu kunavyofanana.

Alijifunza akiwa msichana, katika klabu ya Maendeleo ya Wanawake. Chama hicho kilianza 1952, enzi za ukoloni, na klabuni akina mama walifundishwa mapishi, usafi wa nyumba, kushona na kufuma. Wapo wanaosema ilikuwa njia ya kuwaweka mbali na siasa, na naamini kuna ukweli hapo. Lakini nikiwa nimeshika kitambaa kile sikuweza kuona mtu aliyefugwa. Niliona mtu aliyechagua rangi.

Chini kabisa palikuwa na kitambaa kidogo chenye waridi katikati, petali zimepandana mpaka ua limeinuka. Mtindo huo asili yake ni Ireland. Wakati wa njaa kuu, baada ya viazi kuoza mashambani kuanzia 1845, wanawake wengi huko walifuma kimia kwa kroshia wakakiuza, familia zikapata chakula. Nilimweleza Guku. Akanyoosha ukingo wa kitambaa kwa kidole gumba.

"Hata hivi vilisomesha," akasema. "Mama yake huyu mwenzako alienda shule kwa vitambaa."

Nilichokuja kutafuta hasa ni nanasi, lile pambo la kroshia lenye umbo la tunda hilo. Nikatoa simu nipige picha.

"Weka hiyo, mjukuu wangu. Hesabu."

Nikahesabu, kidole chake kikinitangulia. Chini kuna nguzo, ile mishono mirefu iliyosimama, zilizosongamana kama kipepeo cha kupepea moto. Juu yake matao ya mnyororo. Ukianza na matao 11, mstari unaofuata ni 10, halafu 9, hivyo hivyo mpaka libaki 1, na hapo nanasi limechongoka. Nimetazama video za intaneti miezi mingi nikiiga mkono wa mtu bila kuelewa kwa nini linachongoka. Kumbe kitambaa chenyewe kinasomeka.

Nikamwambia nataka kuliweka nanasi mgongoni mwa blauzi, kubwa, kuanzia mabegani hadi kiunoni. Nilidhani atakataa. Alifikiri, akaukunja uzi wangu kati ya vidole.

"Huu mwembamba. Kitambaa cha meza nakitia wanga, kinasimama. Mgongo wa mtu hautiwi wanga. Tafuta uzi mnene, na matao yawe mafupi."

Niliandika maneno hayo daftarini, chini ya miraba niliyokwisha kuijaza.

Kesho yake, kabla gari halijatoka Kisumu, nilikuwa nimeanza. Kericho niligundua nina matao 8 mahali pa 9, nikafumua mistari miwili. Abiria wa pembeni, mama wa makamo, alinishikia uzi usidondoke. Akaniuliza kama ni cha kochi.

"Cha mgongo," nikamjibu, nikamwonyesha.

Tulipofika Salgaa yalikuwa yamebaki matao matatu.