Uzoefu wangu: kidonge, mlo wa jioni na utafiti wa saratani ya damu Dodoma

Mgonjwa wangu wa kwanza wa lukemia, yaani saratani ya damu, alikuwa mkulima kutoka Bahi, mtu wa miaka arobaini na ushei. Ubavuni kushoto alikuwa na chale mbichi juu ya chale za zamani, kwa sababu nyumbani walikuwa wakimtibu bandama. Nilipoweka kiganja tumboni mwake niliikuta bandama kweli, ngumu kama ubao, imeshuka mpaka kitovuni. Mwaka huo alikuwa ameshameza dawa za malaria mara tatu. Nilikuwa daktari wa mafunzo kazini, na nilikuwa tayari nimeshika kalamu kumwandikia mara ya nne.

Kilichonizuia ni kichupa cha damu. Mtaalamu wa maabara alikuwa amekisimamisha tangu asubuhi, damu ikajitenga yenyewe: chembe nyekundu chini, maji ya njano juu. Katikati, mahali ambapo kwa mtu mwenye afya pana utando mwembamba wa kutafuta kwa macho, palikuwa na tabaka nene jeupe, kama maziwa mgando. Akanisogezea hadubini bila kusema neno. Seli nyeupe zilikuwa zimejaa kila pembe, changa na komavu pamoja. Hesabu ilipita 300,000 kwa kila mikrolita, wakati mtu mzima mwenye afya havuki 11,000 hivi. Mwaka 1847 Rudolf Virchow wa Ujerumani aliupa ugonjwa huu jina lenye maana ya damu nyeupe. Mimi nililielewa jina hilo siku ile, mbele ya kichupa kile.

Usiku huo nilisoma mpaka adhana ya alfajiri. Nikajua kwamba mwaka 1960, kule Philadelphia, Peter Nowell na David Hungerford waliona kromosomu (uzi wenye maelekezo ya urithi) moja fupi isivyo kawaida ndani ya seli za wagonjwa wa aina hii ya lukemia, ile inayokwenda polepole. Mwaka 1973 Janet Rowley wa Chicago akaonyesha chanzo chake: kromosomu ya 9 na ya 22 zimebadilishana vipande. Pale vipande vinapoungana huzaliwa protini inayoiamuru seli igawanyike bila kupumzika. Kisha mwaka 2001 Marekani ikaidhinisha imatinib, kidonge kinachoziba mahali protini hiyo inapochukulia nguvu zake. Katika utafiti mkubwa wa dawa hiyo, ulioandikisha wagonjwa 1,106, watu 89 katika kila 100 walioanza nayo walikadiriwa kuwa hai baada ya miaka 5. Saratani inayotulizwa kwa kidonge cha kumezwa nyumbani! Nilijua palepale kwamba hii ndiyo kazi nitakayoifanya.

Mkulima wa Bahi alipata dawa. Ndani ya miezi mitatu bandama ilirudi chini ya mbavu, akawa anashika jembe tena. Januari hakuonekana. Februari hakuonekana. Mwezi wa sita walikuja watu wanne wamembeba, na ile lukemia ya polepole ilikuwa imegeuka kuwa kali. Hakumaliza wiki mbili.

Kifo chake ndicho kilichonipa swali la utafiti, ingawa ilinichukua muda kulitambua kuwa ni swali. Niliporudi kusomea ubingwa, bosi mmoja aliniambia niachane na lukemia, kwamba ni utafiti wa wenye maabara kubwa na sisi tutafute magonjwa ya saizi yetu. Maneno hayo yaliniuma sana. Nilijiuliza: huyu marehemu alikosa maabara gani? Jina la ugonjwa wake lilijulikana, dawa yake ilijulikana, na alikuwa ameshaipata mkononi.

Basi nikanunua kaunta buku. Nilipopata kibali cha utafiti na ridhaa ya wagonjwa wenyewe, nilianza kuandika jambo moja tu: nani hakurudi, na mwezi gani. Nilidhani jibu litakuwa nauli. Wengi wa wagonjwa wetu wa mwanzo walikuwa wamefuata dawa Dar es Salaam, kilomita 450 hivi kwa basi, na hiyo ilikuwa sababu tosha ya mtu kukata tamaa. Lakini hata dawa ilipopatikana karibu, watu waliendelea kupotea, na majina yalirundikana kwenye kurasa zilezile: Januari, Februari, Machi. Nikasema ni kilimo. Mvua zimeanza, nani ataacha shamba aje kukaa kwenye benchi la kliniki? Nikaomba wapewe dawa za miezi mitatu kwa mkupuo kila Novemba. Ikasaidia, lakini haikutosha, maana kuna waliorudi Machi na vidonge vimebaki nusu mfuko.

Aliyenifumbua macho ni bibi mmoja wa upande wa Mpwapwa. Nilimfuata mwenyewe kwa pikipiki, nikamkuta kivulini chini ya mbuyu anapukuchua kunde. Baada ya shikamoo na habari za watoto nikamwomba anionyeshe dawa. Akaitoa ndani ya kopo la chai, imefungwa kwa kitambaa, safi kabisa. Haikuguswa tangu Krismasi.

"Mwanangu," akaniambia, "hicho kidonge kinataka mtu ashibe. Mimi mwezi wa pili nishibe nini? Nikikimeza asubuhi na maji matupu nakitapika. Nikaona nakiharibu bure, nikakitunza mpaka tuvune."

Hakuna aliyenijibu hivyo kliniki. Nani anapenda kusema njaa yake mbele ya kundi la watu? Na kosa lilikuwa letu. Imatinib inatakiwa imezwe pamoja na chakula na glasi kubwa ya maji, la sivyo inachafua tumbo. Hilo tulilijua sote. Lakini kwenye bahasha tulikuwa tukiandika "asubuhi", kwa mazoea tu, na katika miezi ile nyumba nyingi za vijijini hula mara moja, jioni, ugali wa uwele na mlenda. Dawa yenyewe haidai asubuhi. Inadai chakula.

Tukabadilisha neno moja. Bahasha zikaandikwa "na mlo wa jioni", na muuguzi akawa anaeleza kwamba mtu asilale papo hapo baada ya kumeza. Kila mgonjwa akaanza kuulizwa faraghani, kwa heshima, nyumbani mnakula mara ngapi mwezi huu? Swali hilo sasa limo kwenye fomu yetu, sawa na swali la homa.

Kuhusu kupima kama dawa inafanya kazi, mashine ileile ya GeneXpert inayopima kifua kikuu hupima pia lukemia hii ikiwekewa katriji yake, yaani kikasha cha kipimo. Mtu akitimiza mwaka mmoja tunataka kiwango cha alama ya ugonjwa kwenye damu kiwe asilimia 0.1 au chini. Bibi wa Mpwapwa alichelewa kufika hapo, ikamchukua karibu miaka miwili, lakini alifika. Nilipomwonyesha karatasi hakuitazama. Aliniuliza kama sasa anaweza kuacha kidonge.

Watafiti wa Ufaransa waliwahi kuwaachisha dawa wagonjwa ambao kwa angalau miaka miwili ugonjwa haukuonekana kabisa kwenye vipimo. Kwa zaidi ya nusu yao ugonjwa ulirudi, nao wakaanzishiwa dawa upya. Ili kulijaribu hilo kwa usalama, damu lazima ipimwe mara kwa mara, mwanzoni kila mwezi, ikiwemo Januari na Februari. Nilimwambia aendelee kwanza kumeza. Kisha nikafungua ukurasa mpya kwenye kaunta buku, nikaliandika swali lake juu kabisa.