Pilau ibaki nyumbani: chakula cha familia Hifadhi ya Mikumi

Juni imeingia, masika yamekwisha na udongo mweusi wa tambarare ya Mkata, ndani ya hifadhi, umeanza kukauka. Familia za Dar es Salaam na Morogoro zinajipanga kwenda Mikumi, na kila nyumba swali la kwanza ni lilelile: tunapika nini? Naona swali hilo linatangulia mno. Mbugani chakula hakiamuliwi na mpishi. Kinaamuliwa na saa, joto na nyani, na akishapimwa kila mmoja kati ya hao watatu, sufuria kubwa inarudi kabatini yenyewe.

Saa kwanza. Geti hufunguliwa saa 12 asubuhi na kufungwa saa 12 jioni. Wanyama hutembea mapema na jioni. Kati ya saa 5 na saa 9 mchana simba yuko kivulini na hana habari na mtu. Kutoka Dar hadi getini ni kama kilomita 280, na kwa malori ya Kibaha na Chalinze ni safari ya saa tano hadi sita. Anayeondoka nyumbani saa 12 asubuhi anaingia hifadhini adhuhuri, watoto wana njaa, jua liko utosini, na kinachoonekana ni mikia ya twiga kwenye miti ya mbali. Bora kulala Morogoro, au mji wa Mikumi ulio mbele kidogo ya geti, kisha kuingia geti linapofunguliwa.

Ukiingia saa hiyo, kifungua kinywa kinaliwa ndani ya gari, na hapo ndipo chakula cha aina moja tu kinafaa: kikavu, cha mkono mmoja, kisichodondosha. Maandazi, viazi vitamu vilivyochemshwa, mayai yaliyomenywa asubuhi hiyohiyo. Chai ibebwe kwenye chupa ya chai, lakini imiminwe gari likiwa limesimama na injini imezimwa. Barabara za ndani zina mawimbi ya changarawe. Kikombe cha chai ya moto mkononi mwa mtoto kwenye mawimbi hayo ni safari ya hospitali. Sukari ikae pembeni kwenye kopo lake, kila mtu atie mwenyewe.

Mlo wa pili ni wa saa 6 hadi saa 8, wanyama wakiwa wamepumzika. Huo ndio unaostahili mkeka. Wakati wa kulipa muulize askari wa getini ni wapi panaporuhusiwa kushuka na kula, kwa sababu kushuka popote unapopendezwa na mti hairuhusiwi. Ukiwa na wazo la kutoka ukale mjini Mikumi halafu urudi, usidhani kibali kilekile kitakuingiza tena; uliza kabla hujatoka. Malipo ya getini si ya fedha taslimu, kwa hiyo simu iwe na salio na chaji. Watu wazima wabebe vitambulisho vyao ili walipe kiwango cha Mtanzania.

Sasa joto, na hapa ndipo ninapogombana na pilau. Pilau iliyopakuliwa saa 10 alfajiri kwenye hotipoti inafika saa 7 mchana ikiwa vuguvugu, na vuguvugu ndilo tatizo lenyewe. Kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi bakteria huzaliana haraka. Mchele una wa kwake, Bacillus cereus, ambaye mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Wali unapopoa polepole ndani ya chombo kilichofungwa, mbegu hizo zinaamka na kutoa sumu ambayo hata ukipasha moto upya haiondoki. Matokeo ni kutapika saa chache baadaye, na gari lina watu saba na choo kiko mbali. Wali wa nazi huchacha mapema zaidi. Kanuni ya kushika ni saa mbili: chakula kilichopikwa kisikae nje ya moto au baridi zaidi ya hapo, na joto likipita nyuzi 32, hesabu saa moja tu.

Basi chakula cha mchana kiwe baridi kabisa tangu mwanzo. Kwa watu wazima wanne na watoto watatu, kuku wawili waliokatwa vipande nane kila mmoja wanatosha na kubaki. Wapikwe jioni ya kuamkia safari, wakaangwe au wachomwe hadi maji ya mfupani yawe meupe. Watandazwe kwenye sinia wapoe upesi, kisha waingie kwenye friji usiku kucha. Kosa la kawaida ni kuwafunika wakiwa moto: mvuke unageuka maji, ngozi inalainika, na katikati panabaki na joto hadi asubuhi. Chapati, hesabu mbili kwa mkubwa na moja kwa mtoto, na tatu za ziada. Kilo moja na robo ya unga inatosha. Zipoe kabla ya kukunjwa kwenye kitambaa, la sivyo zinatoa jasho na kunata. Katlesi za kilo moja ya viazi zinakamilisha mlo. Sambusa mimi siziweki, kwani saa mbili tu baada ya kukaangwa zimekwisha kuwa ngozi.

Kachumbari usiichanganye nyumbani. Chumvi inavuta maji ya nyanya na hadi mchana una supu. Kata vitunguu, vioshe kwa chumvi, vikamue, vifunge peke yake; nyanya, pilipili na ndimu zikatwe palepale mkekani.

Deli la barafu, lile sanduku la plastiki lenye kuta nene, linahitaji akili kidogo. Gandisha chupa nne za maji za lita moja na nusu, ziingie kwenye friza siku nzima kabla. Usizijaze, acha nafasi ya vidole vitatu juu, maana maji yakiganda huongezeka karibu asilimia tisa na chupa iliyojaa hupasuka. Chupa hizo ziwekwe juu ya chakula, kwa sababu hewa baridi hushuka, na zikiyeyuka mchana ndiyo maji ya kunywa. Vinywaji vikae kwenye deli la pili. Deli la vinywaji hufunguliwa kila dakika kumi na watoto. La kuku lifunguliwe mara moja tu. Kama unalala njiani, ulizia friji ya nyumba ya wageni wakati wa kuweka nafasi, chupa zirudi kugandishwa na kuku alale humo. Friji ikikosekana, futa kuku: beba chapati, karanga, korosho na viazi vitamu, na mayai uyachemshe asubuhi.

Maji ya kunywa ni lita mbili kwa mkubwa na moja kwa mtoto, jumla lita 11. Chupa za barafu zimeshatoa karibu sita, ongeza tano za kawaida. Kando ya hayo, dumu la lita 10 la kunawa na kipande cha sabuni. Wanaokula kwa mkono hawatoshelezwi na karatasi yenye unyevu. Juisi ya ukwaju ya nyumbani naipenda, ila chupa yake isipowekwa barafuni inachachuka na kifuniko kinaruka. Tikiti maji nalo liache kwa ajili ya jioni. Mtoto aliyekula vipande vitatu saa 4 atataka kushuka saa 4 na nusu, mahali ambapo kushuka hakuna. Kopo lenye mfuniko kwa wadogo libebwe hata kama wakubwa watacheka.

Nyani ndiye mgeni asiyealikwa, na anajua kazi yake. Anatambua kikapu, anatambua mlango wa gari la Noah ulioachwa wazi, na anamchagua mtoto mwenye ndizi mkononi kwa sababu mtoto hapigani. Kwa hiyo ndizi na maembe yenye harufu yabaki ndani ya deli hadi dakika ya kuliwa, vioo vifungwe kabla watu hawajashuka, na mtu mzima mmoja akae akiwa amesimama muda wote, kazi yake ni kutazama tu. Chakula kisipangwe chote mkekani. Kipakuliwe ndani ya gari, sahani kwa sahani. Nyani akishanyakua, mwachie. Ana meno marefu na makali, na ugomvi wa kipande cha kuku hauna maana. Kumlisha ni marufuku, na sababu yake ni nzito: nyani aliyezoea chakula cha watu huanza kushambulia, na mwisho wake huwa risasi.

Mahali pa kutandika, tazama juu kwanza. Mvungunya una kivuli kizuri na matunda ya kilo kadhaa kila moja, yanayodondoka bila kubisha hodi. Kisha tazama chini: miiba ya migunga, msafara wa siafu, na maganda yenye manyoya ya upupu kwenye vichaka vya pembeni. Turubai jepesi lina faida kuliko mkeka wa ukindu. Lisiwe la buluu wala jeusi, rangi hizo huvuta mbung'o, na miombo ya Mikumi inao. Kwenye bwawa la viboko angalieni, pigeni picha, lakini msile kando ya maji.

Takataka zirudi nanyi zote kwenye ndoo ya rangi yenye mfuniko wa kubana. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, na hata isingepigwa, mfuko hauzuii harufu. Wapo wanaosema ganda la chungwa linaoza tu. Linaoza, ndiyo, ila kabla ya kuoza linamleta nyani. Barabara kuu ya kwenda Iringa na Tunduma inapita katikati ya hifadhi kwa takriban kilomita 50, na bunzi la hindi lililotupwa dirishani humvuta mnyama hadi kwenye lami, mbele ya lori. Mwambieni dereva wa gari lenu, na wale wa kiti cha nyuma, kabla ya kuingia kipande hicho.

Anayetaka wali ale jioni, nje ya geti, upikwe na kuliwa moto. Kwa wanaorudi Dar, nyanya za Doma zinauzwa kando ya barabara kabla ya kufika Morogoro. Wakati huo madeli yote mawili ni matupu, kwa hiyo pana nafasi. Lakini nyanya zisiingizwe humo kabla hayajafutwa na kukauka, maana maji ya barafu yaliyobaki chini yanaozesha zile za tabaka la kwanza kabla hamjafika Chalinze.